Betri iliyozeeka ndani ya wiki mbili: kisa cha pakiti moja ya laptopu, Kariakoo

Malalamiko yalifika kaunta kwa sentensi moja: "Fundi, umenibambikia." Jibu la fundi lilikuwa fupi pia: "Dada, seli hizo nimezitoa kwenye boksi mbele ya macho yako." Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kuchambuliwa.

Pakiti yenyewe ni ya laptopu ya ofisini ya kawaida: 10.8 V, 4,400 mAh, seli sita za lithiamu zenye umbo la silinda, ziitwazo 18650, mbili mbili sambamba, kisha jozi tatu mfululizo. Seli za zamani zilikuwa zimekufa. Fundi akaweka mpya aina ya NCR18650B, seli yenye uwezo usiopungua 3,250 mAh, akijua kwamba jozi moja itatoa karibu 6,500 mAh badala ya 4,400. Akafungua chipu inayohesabu chaji ndani ya pakiti, akaandika uwezo mpya, akafuta hesabu ya mizunguko ya kuchaji, akafunga boksi. Siku ya kwanza laptopu ilikaa saa nne na ushee. Siku ya nne mteja aliiacha ikiwa na 52%, akaenda kula, aliporudi akakuta 9%. Ndani ya wiki mbili ikawa inazima baada ya saa mbili na dakika ishirini. Fundi akaandika namba upya, saa nne zikarudi. Siku kumi baadaye, yale yale.

Mtuhumiwa wa kwanza Kariakoo huwa ni seli, na si bila sababu. Sokoni zimejaa 18650 zilizoandikwa 9,800 mAh, uwezo ambao seli ya umbo hilo haijawahi kuwa nao. Njia ya haraka ya kuzikamata ni mizani ya sonara: seli halisi ya daraja la 3,000 mAh kwenda juu huwa na gramu 45 hadi 48, wakati feki nyingi hupungua waziwazi. Seli hizi sita zilipimwa, zote zikawa kati ya gramu 46 na 48. Moja ikachomolewa, ikachajiwa hadi 4.20 V, ikatolewa chaji kwa 0.65 A hadi 2.5 V. Ikatoa 3,240 mAh. Seli hazina kosa.

Kilichobaki ni kuiuliza bodi ya ndani ya pakiti. Kwenye plagi ya betri pini za mawasiliano hupatikana kwa mita ikiwa kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu ukiwa kwenye hasi: pini mbili za jirani zenye usomaji unaolingana ndizo za saa (clock) na data za SMBus, njia ambayo betri huzungumza nayo na laptopu. Pini nyingine ni ya kuitambulisha betri kwamba imo ndani ya mashine. Hiyo huunganishwa na hasi kupitia kizuizi cha kati ya 100 Ω na 1 kΩ, vinginevyo swichi za bodi hubaki zimezimwa na utaona 0 V kwenye plagi, ukadhani bodi imekufa. Adapta ya CP2112, inayounganisha pini hizo na USB ya kompyuta, inatosha kwa kusoma tu. Anwani ya betri janja ni 0x0B (0x ni alama ya namba za heksadesimali). Programu za Texas Instruments (TI), watengenezaji wa chipu hizi, huiandika 0x16, ni anwani ile ile ikiwa imesogezwa biti moja.

Pakiti ilisomwa mara tu baada ya laptopu kujizima yenyewe ikisema 4%. Jozi tatu, kwa amri 0x3F, 0x3E na 0x3D, zilitoa 3,641, 3,638 na 3,643 mV. Jumla ni 10.92 V. Joto, amri 0x08, lilisomeka 0x0BD5, yaani 3,029, na kwa kuwa chipu huhesabu kwa sehemu za kumi za kelvini, hiyo ni nyuzi 29.8 za Selsiasi. Uwezo kamili, amri 0x10, ulikuwa 3,520 mAh. Fundi aliandika 6,500, naye hakukosea kuandika. Alama za hitilafu ya kudumu zote zilikuwa sifuri.

Hapa ndipo hata fundi mzoefu anateleza. Ukimwonyesha mtu aliyezoea betri za laptopu pakiti ya 10.9 V iliyopumzika, atakwambia imekwisha, na kwa seli za kobalti alizofanya nazo kazi miaka yote yuko sahihi: seli hizo zikipumzika kwenye 3.64 V zimebaki na chini ya 10%. Lakini NCR18650B si ya kobalti tupu. Ni ya nikeli, kobalti na alumini, na mteremko wake wa volti uko chini zaidi. Ikipumzika kwenye 3.64 V, bado ina karibu nusu ya chaji. Uthibitisho ulikuwa rahisi: pakiti ile ile ya "4%" iliwekwa kwenye kizuizi cha 10 Ω hadi jozi zifike 3.0 V. Ikatoa 2,680 mAh zaidi. Laptopu ilikuwa inazima ikiwa na karibu nusu ya chaji tumboni.

Chipu ya bodi hii ni bq20z45 ya Texas Instruments. Haipimi uwezo kwa kuhesabu tu ampea zinazoingia na kutoka. Hufanya hivyo betri ikifanya kazi, lakini kila betri inapopumzika vya kutosha, volti zikiwa zinabadilika kwa chini ya mikrovolti 4 kwa sekunde, husoma volti na kuuliza jedwali lililo ndani yake: volti hii, kwa kemia hii, ni chaji kiasi gani? Jedwali hilo hutambulishwa kwa namba ya kemia. Ukituma 0x0008 kwenye amri 0x00 kisha ukasoma amri hiyo hiyo, inakupa namba. Jibu la pakiti hii: 0100. Hiyo ndiyo namba ya kiwandani, kobalti na kaboni, chaji ya 4.2 V. Kwa lugha ya mtaani, chipu ilikuwa Tandika ikisoma ramani ya Tegeta.

Sasa hesabu ya kuzeeka inajieleza. Uwezo wa kikemia, ambao kwenye kumbukumbu huitwa Qmax, chipu huupata kwa kugawa chaji iliyopita baina ya mapumziko mawili kwa tofauti ya kina cha matumizi kwenye mapumziko hayo. Mteja alichaji hadi juu, betri ikatulia. Jedwali la kobalti likasema imetumika 3%. Akatumia 3,300 mAh, akaenda kula, betri ikatulia kwenye 3.64 V, jedwali likasema imetumika 92%. Gawanya 3,300 kwa 0.89, unapata 3,700 hivi. Kwa hiyo chipu ikaamini uwezo mzima wa betri ni 3,700 mAh, ikafuta 6,500 ya fundi na kuweka yake. Tatizo halikuwa chipu kusahau kujifunza. Ilijifunza kwa bidii, ila kitu cha uongo. Kila fundi aliporudisha 6,500 alikuwa anainunulia siku chache tu hadi mapumziko mengine ya mchana.

Kuna undani mmoja unaofanya kosa hili liwe baya zaidi kuliko linavyopaswa. Chipu hizi zina ulinzi: hazikubali kurekebisha Qmax volti zikiwa kwenye eneo bapa la mteremko, ambalo kwa kemia 0100 ni kati ya 3,737 na 3,800 mV, kwa sababu hapo kosa dogo la volti ni kosa kubwa la asilimia. Seli za kobalti zikiwa nusu huangukia humo humo au jirani, na chipu hunyamaza. Seli hizi zikiwa nusu ziko 3.64 V, nje kabisa ya eneo hilo, hivyo chipu inajiona ina uhakika. Sharti lingine, kwamba chaji iliyopita izidi 37% ya uwezo wa usanifu, nalo lilitimia kila siku.

Kwa anayekutana na pakiti inayofanana, dalili mbili huchanganywa sana na zinapaswa kutenganishwa. Ukibadilisha seli bila kugusa kumbukumbu kabisa, chipu bado inazo habari za seli zilizokufa: laptopu inazima mapema, lakini ukiiacha ilale usiku, asubuhi asilimia zinaruka juu bila kuchajiwa, kwa sababu ramani ni sahihi na ujazo ndio si sahihi. Kemia ikiwa si yenyewe, mapumziko hushusha asilimia. Juu baada ya kulala: tatizo ni Qmax na jedwali la ukinzani wa ndani wa seli. Chini baada ya kulala: kagua namba ya kemia kabla ya kugusa kingine chochote.

Njia zilikuwa mbili. Ya bei nafuu ni kuvua seli hizi na kuweka za kobalti au mchanganyiko ulio karibu nayo, za 2,200 hadi 2,600 mAh, na kuacha kemia 0100 ilivyo. Kwa karakana isiyo na kifaa cha TI hilo ndilo jambo la kufanya, na ingekuwa busara kulifanya tangu mwanzo. Tamaa ya mAh nyingi ndiyo iliyozaa kesi yote. Lakini seli zilikuwa zimeshachomelewa, ni nzima, na kuzing'oa utepe wa nikeli ni kuzitoboa au kuzipasha moto bure. Ikachaguliwa njia ya pili: kubadilisha ramani.

Kwanza ifutwe dhana moja. Wengi husema wana-"flashi programu dhibiti" ya betri, lakini kazi hii haigusi programu yenyewe ya chipu. Inayobadilishwa ni kumbukumbu ya data: kemia, Qmax, ukinzani, uwezo wa usanifu. Amri 0x0F00, inayoiingiza chipu kwenye hali ya kupakia programu, haina kazi hapa. Umeme ukikatika chipu ikiwa katika hali hiyo na kumbukumbu imefutwa nusu, bodi imekwenda. Kwa sababu hiyo hiyo kompyuta inayoandika iwe laptopu yenye betri yake nzima, si ya mezani inayotegemea ukuta. TANESCO haitoi taarifa kila mara kabla ya umeme kukatika.

CP2112 husoma vizuri lakini programu ya TI haizungumzi nayo, hivyo ikatumika EV2300, adapta ya TI yenyewe. Chipu ilikuwa imefungwa. Ufunguo wa kiwandani wa familia hii ni maneno mawili yanayotumwa kwenye amri 0x00, 0x0414 kisha 0x3672, bila amri nyingine katikati. Kisha 0xFFFF mara mbili kwa ruhusa kamili. Mtengenezaji makini hubadilisha funguo hizi, na zikiwa zimebadilishwa safari inaishia hapo. Si wote waliokuwa makini: mwaka 2011 mtafiti wa usalama Charlie Miller alionyesha kwamba betri za laptopu za Apple ziliondoka kiwandani na funguo za msingi. Bodi hii nayo ilikubali.

Kabla ya kuandika hata baiti moja, nakala ya kumbukumbu yote ilihifadhiwa ikiwa na namba ya bodi kwenye jina la faili. Nakala hiyo ni ya bodi hiyo peke yake. Ndani yake kuna urekebishaji wa kupima mkondo na volti uliofanywa kiwandani kwa kizuizi cha kupimia cha bodi hiyo. Mtindo wa kuchukua nakala ya betri nyingine "inayofanana" na kuimwaga humu hufuta urekebishaji huo, na baada ya hapo chipu inaona ampea zisizokuwapo. Baada ya kila uandishi, linganisha: weka mzigo, soma amri 0x0A, soma mita iliyowekwa mfululizo. Hapa tofauti ilikuwa chini ya 1%.

Faili la kemia hutafutwa kwenye orodha ya TI kwa jina la seli iliyochapishwa kwenye ganda lake, si kwa kukisia "nikeli ni nikeli". Likaandikwa, na pamoja nalo jedwali la ukinzani la mwanzo likachukua nafasi ya lile la zamani. Qmax ya kila jozi na ya pakiti ikawekwa 6,500. Uwezo wa usanifu ukawekwa 6,000 na nishati 6,480, kwa kuwa kizio chake ni 10 mWh. Kwa nini si 6,500 pote? Kwa sababu volti ya kukomea ya pakiti ni 9,000 mV, yaani 3.0 V kwa jozi, na seli hizi zina chaji ya kuhesabika chini ya hapo. Kuishusha volti hiyo ili kukamua zaidi kunawezekana kwenye kumbukumbu, ila laptopu ndiyo itakayozima ghafla bila kuhifadhi kazi. Iachwe. Hali ya kujifunza ikarudishwa 00, hesabu ya mizunguko ikawekwa 0.

Kisha mzunguko wa kujifunza, ambao karakana nyingi huuruka. Pakiti ilimwagwa hadi 9.0 V, ikapumzika saa tano, ikatumiwa amri 0x0021, inayoanzisha kujifunza. Hali ikawa 04. Ikachajiwa kwa 12.6 V, mkondo ukibanwa 1.5 A, hadi ukashuka chini ya 250 mA. Ikapumzika saa mbili: hali 05, maana yake Qmax imepatikana. Ikatolewa chaji kwa kizuizi cha 10 Ω cha wati 50 kilichofungwa kwenye kipande cha alumini, mkondo ukianza 1.26 A na kuishia 0.9 A, kwa zaidi ya saa tano na nusu. Ikapumzika saa tano tena: hali 06, yaani kujifunza kumekamilika. Kuanzia chaji hadi mwisho ni kama saa 18.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Lilifanywa mchana, pakiti ikiwa ndani ya laptopu, chumba kikiwa nyuzi 33. Thamista (kihisi joto) ya pakiti ilifika 42, na chipu hizi hazikubali usomaji wa mapumziko nje ya nyuzi 10 hadi 40. Hali ikaganda kwenye 04, wala hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mafundi wa nchi za baridi hawakutani na hili. Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi utakutana nalo kila mara. La pili lilianza saa mbili usiku, pakiti ikiwa mezani nje ya laptopu, feni ikipuliza. Kilele kilikuwa nyuzi 34. Umeme ukikatika wakati wa mapumziko hakuna hasara, ila ukikatika katikati ya chaji ni kuanza upya, kwa sababu kujifunza kwa mara ya kwanza kunadai chaji iliyopita isipungue 90% baina ya mapumziko mawili.

Matokeo: Qmax ya jozi tatu ilikuwa 6,470, 6,440 na 6,490. Uwezo kamili ukasomeka 6,020 mAh. Kipimo cha kuaminika zaidi kikawa kile kile kilichomkera mteja: laptopu ikatumika hadi 51%, ikazimwa, ikaachwa saa mbili. Ilipowashwa ikasoma 49%, jozi zikiwa 3.65 V.

Bodi ikafungwa kwa amri 0x0020, kwa sababu chipu iliyoachwa wazi inaweza kuandikwa na programu yoyote kupitia laptopu, viwango vya ulinzi vikiwamo. Neno moja kuhusu viwango hivyo, na kuhusu alama za hitilafu ya kudumu: kwenye pakiti hii zilikuwa sifuri, ndiyo maana hazikuguswa. Zingekuwa zimewaka, mathalan CIM ya jozi kutolingana, kazi ingeanza kwa kutafuta jozi inayovuja, wala si kwa kutafuta amri ya kuzifuta. Na fyuzi ya miguu mitatu ikiwa imeungua, bodi hiyo ni ya kuvunjia vipuri. Kuirukia kwa waya ni kuondoa kinga ya mwisho iliyobaki kati ya seli sita na moto.

Ndani ya kifuniko fundi aliandika kwa kalamu aina ya seli, namba mpya ya kemia na tarehe. Mteja alirudi wiki ya tatu kama alivyotakiwa. Uwezo kamili: 5,980 mAh. "Basi fundi," akasema, "na ya mume wangu nitakuletea."